Kabichi Chukuchuku: Kinachoondoka na Maji ya Mboga ya Waingereza

Majira ya baridi ya kwanza niliyoishi Uingereza nilikuwa msaidizi wa jikoni katika nyumba ya kulelea wazee. Saa tano kasorobo asubuhi mpishi mkuu alibandika sufuria kubwa, akatia maji mpaka nusu, akatia chumvi, na yalipochemka akatumbukiza kabichi lililokatwa mapande manene. Chakula cha mchana kilikuwa saa sita na nusu. Nikatazama saa ya ukutani, nikatazama sufuria, nikangoja aongeze kitu: kitunguu, nyanya, hata kijiko cha mafuta. Hakuongeza. Kabichi lilipoepuliwa lilikuwa limelegea kabisa, rangi imekuwa ya majani ya mwezi wa kiangazi, na harufu yake ilikuwa imeshafika chumba cha kufulia.

Kilichonishangaza zaidi kilifuata. Yule mama (nilimwita mama tangu siku ya kwanza, ingawa wenzake wote walimwita kwa jina lake la kwanza, mwishowe akazoea) hakumwaga yale maji. Aliyachuja kwenye jagi, akayatumia kutengenezea grevi, ule mchuzi mzito wa kahawia wanaomwagia nyama. Nilipomuuliza, akasema ndivyo mama yake alivyofanya, na bibi yake vilevile, na kwamba anayemwaga maji ya kabichi amemwaga nusu ya kabichi.

Maneno yale yalinikaa. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukifika kule huwa tuna hukumu mkononi: Waingereza hawajui kupika mboga, wanachemsha kila kitu mpaka kife. Hata wao wenyewe husema hivyo. Lakini nilipoanza kuuliza na kusoma, na kujaribu jikoni kwangu, niliona hukumu hiyo inachanganya mambo mengi ambayo yafaa yatenganishwe. Kuna suala la maji, kuna suala la muda, kuna suala la kile kinachotiwa baada ya maji. Na kuna historia ndefu ya nishati, hofu ya magonjwa, vita na majiko ya shule, ambayo bila kuijua mtu hawezi kuelewa kwa nini taifa zima lilifika pale.

Tuanze na Kiswahili chenyewe, maana kinatusaidia. Tuna kuchemsha, tuna kutokosa, na tuna kuunga. Maji unayachemsha. Muhogo, maharage, mayai unayatokosa, yaani unayapika majini mpaka yaive. Kisha mboga unaiunga: kitunguu, nyanya, tui la nazi au karanga. Kwetu kutokosa mara nyingi ni kazi ya awali tu, na pishi lenyewe linaanza kwenye kuunga. Mboga isiyoungwa tunaiita chukuchuku, na neno hilo lina huzuni kidogo ndani yake. Ni chakula cha mgonjwa, au cha siku ambayo mfuko umekauka. Kabichi la Kiingereza lile la zamani lilikuwa chukuchuku kwa maana kamili. Lilitokoswa, likachujwa, likapakuliwa. Ladha ilitarajiwa kutoka kwa nyama na grevi pembeni.

Wafaransa nao wana jina la kupika mboga kwenye maji ya chumvi bila kitu kingine. Wanasema à l'anglaise, yaani kwa namna ya Kiingereza. Wapishi wa Paris hutumia njia hiyo hiyo kila siku kwa maharagwe mabichi ya kijani: sufuria kubwa, maji mengi yanayotokota, chumvi ya kutosha, dakika chache, halafu yanaondolewa haraka, mara nyingi yanapozwa kwa maji ya barafu, na yanapashwa kwenye siagi kabla ya kuliwa. Njia yenye jina la Waingereza inatoa maharagwe ya kijani kibichi yanayolia yakitafunwa. Kwa hiyo maji yanayochemka peke yake hayawezi kubeba lawama yote.

Ili kuona lawama iko wapi, chukua jani la kabichi la kijani au la sukuma wiki. Haya ni mmea mmoja kwa asili, pamoja na brokoli, koliflawa na vile vikabichi vidogo vya Brussels; ni wakulima waliovitenganisha kwa kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi. Litie jani hilo kwenye maji yanayochemka na usimame hapo uangalie.

Katika nusu dakika ya kwanza linang'aa kijani kuliko lilivyokuwa bichi. Kati ya seli za jani kulikuwa na hewa, na hewa ile ikitoka, jicho linaiona rangi bila pazia. Kisha joto linavunja kuta za seli, na asidi zilizokuwa zimefungiwa humo zinamwagika. Katikati ya kila molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani, kuna chembe moja ya magnesi. Asidi na joto vikisaidiana huing'oa chembe hiyo na kuweka haidrojeni mahali pake, na kijani kinageuka kuwa rangi ya zeituni, halafu kijivujivu. Ukiliondoa jani ndani ya dakika tano hivi, rangi bado ipo. Ukipita dakika saba au nane, inaanza kukukimbia, na hairudi.

Hapo ndipo siri ya wale wapishi wa Paris inapoeleweka. Maji mengi hayapoi sana mboga ikitumbukizwa, kwa hiyo yanaivisha haraka, na tena yanazimua asidi. Wanaacha sufuria wazi ili asidi nyingine ziondoke na mvuke. Ni njia nzuri ya kulinda rangi. Tatizo ni kwamba maji mengi yanayolinda rangi ndiyo yanayobeba virutubisho. Anayetaka kijani cha kupendeza atatia maji mengi, anayetaka vitamini atatia machache, na ushauri wa hawa wawili ukichanganywa kwenye kitabu kimoja cha mapishi msomaji anabaki ameduwaa. Mimi nimechagua maji machache, na nitaeleza kwa nini.

Vitamini C na foleti, ambayo ni vitamini ya kundi B, huyeyuka majini. Vitamini C pia huharibiwa na joto na hewa, kwa hiyo hupata hasara mara mbili. Jamii ya kabichi ina kitu kingine tena, kemikali zenye salfa ziitwazo glukosinoleti, ambazo mmea huzitengeneza kujikinga na wadudu na ambazo wanasayansi wamezichunguza sana kwa sababu mwilini huzaa viambata vinavyodhaniwa kusaidia kukinga saratani. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, hapohapo Uingereza, walizipima kwenye mboga zilizopikwa kwa njia mbalimbali. Baada ya dakika 30 za kuchemsha, brokoli ilikuwa imepoteza asilimia 77, koliflawa 75, kabichi la kijani 65, na vikabichi vya Brussels 58. Mboga zilizopikwa kwa mvuke hata dakika 20, kwa maikrowevu dakika tatu, au kukaangwa chapuchapu kwa dakika tano, hazikupoteza kiasi cha maana.

Na vile vilivyopotea vilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikutwa ndani ya maji ya kupikia. Niliposoma hivyo nilimkumbuka yule mama na jagi lake.

Kuhusu harufu, salfa ileile ndiyo chanzo. Kabichi bichi likikatwa lina ukali kidogo kama wa haradali. Likipikwa kwa muda mfupi linakuwa tamu. Likiendelea kuchemka, viambata vya salfa vinazidi kuvunjika na kutoa gesi, ikiwemo haidrojeni salfaidi, gesi ileile ya yai viza. Kila dakika inayoongezeka inaongeza harufu. Watu wengi wanaosema hawapendi kabichi, ukiwasikiliza vizuri, wanachokichukia ni harufu hiyo. Muda ndio ulioitengeneza.

Sasa, Waingereza walifikaje huko? Hawakuanza hivyo. Mwaka 1747 Hannah Glasse, ambaye kitabu chake cha mapishi kilitumika majumbani kwa miongo mingi, aliwaonya wasomaji kwamba watu wengi huharibu mboga za majani kwa kuzichemsha kupita kiasi, na kwamba mboga ya kijani yapaswa kubaki na ukakamavu kidogo. Ni ushauri ambao mpishi wa leo angeutoa neno kwa neno. Miaka 98 baadaye, mwaka 1845, Eliza Acton, mwandishi makini sana, alishauri kinyume: mboga isiyoiva vizuri haisagiki tumboni, na desturi ya kuzileta mezani zikiwa bado ngumu ni mtindo tu unaopaswa kuachwa na anayejali afya. Kati ya wanawake hawa wawili kuna mambo mengi yaliyobadilika.

La kwanza lilianza hata kabla yao: nishati. London iliacha kuni na kuhamia makaa ya mawe kuelekea mwisho wa miaka ya 1500, wakati wa Malkia Elizabeth wa kwanza, na sehemu nyingine za nchi zikafuata polepole. Mwanahistoria Ruth Goodman, ambaye amepika kwa miezi mingi kwenye majiko ya namna zote mbili, anasema mabadiliko hayo ndiyo yaliyoipa Uingereza tabia yake ya kuchemsha. Msomaji aliyepika kwenye mafiga matatu ataelewa mara moja. Moto wa kuni unaupunguza kwa kuchomoa kuni moja, unausogeza, unaulaza. Unaweza kupika kitu kizito ukikikoroga taratibu. Moto wa makaa umekusanyika mahali pamoja, ni mkali, na haukusikilizi. Chakula kizito kinaungua chini. Lakini sufuria iliyojaa maji haiungui. Unaiacha ichemke, unakwenda kufanya kazi nyingine. Kwa mwanamke mwenye kazi za nyumba nzima mikononi, sufuria ya maji ilikuwa msaidizi asiyelipwa.

Huko vijijini hali ilikuwa hiyo kwa namna nyingine. Familia maskini ilikuwa na chungu kimoja cha chuma na moto mmoja. Kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi kilitokoswa humo, viazi vikatiwa ndani ya mfuko wa wavu, kabichi kwenye wavu mwingine, na pudini ya unga ikafungwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa humohumo. Vyote vilikwenda kwa muda wa kile kinachochelewa kuiva. Tafakari kidogo juu ya kabichi lile. Lilipikwa muda mrefu, ndiyo, lakini lilipikwa kwenye supu ya nyama yenye mafuta na chumvi. Kwa namna yake lilikuwa limeungwa. Kwa maoni yangu hasara kubwa ilikuja pale kabichi lilipohamishiwa sufuria yake peke yake kwenye majiko mapya ya karne ya 19, likabaki na muda uleule mrefu lakini bila nyama wala mafuta. Tabia ilihama, sababu yake ikabaki nyuma.

Kisha hofu. Kipindupindu kiliipiga Uingereza mwaka 1832, 1849 na tena 1854. Bustani zilizolisha miji zilirutubishwa kwa kinyesi, cha wanyama na cha watu pia. Sensa ya 1851 ndiyo ya kwanza kuonyesha watu wa mijini wamewazidi wa vijijini, na mboga waliyoila ilikuwa imesafiri kwa mkokoteni na kukaa sokoni. Mtu aliyechemsha kabichi la namna hiyo sawasawa alikuwa anailinda familia yake, hata kama hakuwa na maneno ya kisayansi ya kueleza. Madaktari wa wakati ule waliongezea kwamba mboga ngumu huvuruga tumbo, hasa la watoto.

Ndani ya hali hiyo akatokea Isabella Beeton. Kitabu chake kikubwa cha utunzaji wa nyumba kilitoka mwaka 1861, yeye akiwa na miaka 25 tu. Miaka minne baadaye alifariki. Mapishi mengi aliyakusanya kwa wengine, lakini kitabu kiliuzwa mno na kikawa sheria ya nyumba za watu wa kati. Humo karoti kubwa zinapewa kati ya saa moja na dakika 45 na saa mbili na robo kwenye maji yanayochemka. Kila anayetaka kuwacheka Waingereza hulitaja hilo. Sidhani ni haki kulitaja bila kueleza kwamba karoti aliyoizungumzia ilikuwa kubwa na nene, pengine imekaa ghalani majira yote ya baridi, na ilipikwa nzima. Karoti changa alizipa nusu saa. Hata hivyo, nusu saa kwa karoti changa ni ndefu, na kwa kabichi kubwa alitaka nusu saa mpaka dakika 45.

Alishauri pia kutia kipande kidogo cha soda kwenye maji ya kabichi. Hapa msomaji wa kwetu atatabasamu, maana soda ile ni jamii moja na magadi tunayotia kwenye mlenda, kunde na makande. Waingereza wa London walikuwa na sababu yao: maji ya pale ni magumu, yana chokaa, na kalsiamu hukaza pektini, ile gundi inayoshikilia seli za mmea, mboga ikachelewa kulainika. Soda inalegeza pektini na tena inazima asidi, kwa hiyo kijani hakipotei. Kwa macho mboga inapendeza. Lakini inaivisha mpaka inakuwa uji kwa haraka usiyotegemea, na inaharibu vitamini C na vitamini B1. Hili linatuhusu moja kwa moja. Magadi yana kazi yake kwenye mlenda, ila kidole kimoja kinatosha, kijiko ni hasara. Waingereza wanayo mpaka leo mboga moja inayohitaji soda kwa haki: njegere kavu kubwa zinazolowekwa usiku kucha pamoja na soda ya kuokea, kisha kuchemshwa mpaka zipondeke, na kuliwa pamoja na samaki na chipsi. Ni tamu, na ulaini wake ndio uzuri wake.

Watu wengi hudhani vita vya pili vya dunia ndivyo vilivyowafundisha Waingereza kuchemsha vibaya. Ukweli umekaa upande mwingine. Mgawo wa chakula ulianza Januari 1940 na haukwisha mpaka Julai 1954. Mboga hazikuwekwa kwenye mgawo, mafuta yaliwekwa. Siagi kwa mtu mmoja mara nyingi ilikuwa gramu 57 hivi kwa wiki nzima. Nani angekaanga kabichi kwa hiyo? Wizara ya Chakula ilijua hatari iliyopo, na vipeperushi vyake viliwaambia akina mama kata kabichi nyembamba, tia maji kidogo tu, funika, pika kwa dakika chache, na maji yanayobaki tia kwenye supu au grevi. Serikali ilifundisha njia sahihi zaidi ya miaka 60 kabla ya vipimo vya Warwick. Yule mama wa nyumba ya wazee alikuwa mtoto wa mwanamke aliyepika miaka ile, na mafunzo ya jagi yalimfikia. Ya muda hayakumfikia.

Kilichoharibu ni jiko la watu wengi. Sheria ya Elimu ya 1944 iliwapa mamlaka za mitaa wajibu wa kutoa chakula cha mchana shuleni. Lilikuwa jambo jema kabisa. Watoto wengi walipata pale mlo wao bora wa siku. Lakini mara nyingi chakula kilipikwa kwenye jiko moja kuu, kikapakiwa kwenye makopo makubwa ya kuhifadhi joto, kikapelekwa kwa gari shule moja baada ya nyingine. Kabichi lililofungiwa kwenye kopo la moto linaendelea kuiva, na salfa yake haina pa kutokea. Kizazi kizima kilikutana na kabichi hivyo, kopo likifunguliwa na mvuke ule ukiwapiga usoni. Aliyesoma bweni Kenya au Tanzania hahitaji maelezo zaidi. Kabichi letu la bweni, lililopikwa kwa ajili ya mamia ya wanafunzi kwenye pipa la jikoni na kukaa likingoja kengele, ni ndugu wa lile.

Njia nyingine nazo zina tabia zao. Mvuke una joto lilelile la maji yanayochemka, lakini mboga haiogi ndani ya maji, kwa hiyo vinavyoyeyuka havina pa kwenda. Udhaifu wake ni kwamba asidi na uchungu hubaki pia ndani ya jani. Mboga chungu ikipikwa kwa mvuke inabaki chungu, na ikikaa muda mrefu inapauka kuliko hata ya maji. Maikrowevu, ambayo wengi wanaiogopa bila sababu, ni mvuke wa haraka: vijiko viwili vya maji, bakuli limefunikwa, dakika tatu. Oveni ni jambo jingine kabisa. Maji hayapiti nyuzi 100, na kwenye miinuko kama Nairobi hata hazifiki, huchemka karibu na 95. Oveni inafika 200, na kuanzia nyuzi 140 hivi sukari na protini za mboga huanza kukutana na kuzaa rangi ya kahawia na ladha mpya. Vikabichi vya Brussels vilivyopakwa mafuta na kuchomwa hivyo vina utamu wa karibu na karanga. Mtu aliyevijua kwa kuchemshwa tu huwa haamini ni kitu kilekile.

Lakini kuna mahali kuchemsha kunashinda, na tusimwache Mwingereza peke yake kizimbani. Spinachi ina oksaleti, ambazo kwa mtu mwenye tabia ya kupata mawe ya figo si nzuri. Zinayeyuka majini, na hapo kumwaga maji ni jambo la busara. Maharage mekundu lazima yachemke hasa, yatokote, maana yana sumu isiyovunjika kwa moto mdogo wa taratibu. Kisamvu, ambacho ndugu zetu wa Kongo wanakiita sombe, kina viambata vinavyotoa sumu ya sayanaidi; ndiyo maana kinatwangwa na kutokoswa muda mrefu kabla ya nazi na karanga kuingia. Hakuna mtu anayekula kisamvu bichi kwa sababu ya vitamini. Karoti nazo hutoa rangi yake ya chungwa, ile inayogeuka kuwa vitamini A, kwa urahisi zaidi zikiwa zimepikwa na kuliwa na mafuta. Karoti chukuchuku isiyo na tone la siagi inapoteza nafasi hiyo.

Na wapo wapishi wakubwa wanaochemsha muda mrefu bila aibu. Wagiriki hutokosa majani ya porini mpaka yalainike, kisha wakayamwagia mafuta ya zeituni na ndimu. Waitalia wa kusini huchemsha chikori, mboga chungu ya majani, wakaikamua, wakaiunga kwenye mafuta yenye kitunguu saumu na pilipili. Weusi wa kusini mwa Marekani hupika majani ya jamii ya sukuma wiki kwa saa nzima na zaidi pamoja na nyama ya kuvuta moshi, na ule mchuzi uliobaki wanaunywa au wanachovya mkate wa mahindi. Desturi hiyo imetoka kwa watumwa, waliojua kwamba nguvu ya majani imo kwenye mchuzi. Hao wote hawafuati saa ya mpishi wa Paris, na chakula chao ni kitamu. Ama maji yanaliwa, ama mboga inaungwa, au vyote viwili.

Uingereza ya leo imebadilika sana. Mwaka 1950, mwandishi wa mapishi Elizabeth David alipoanza kuandika juu ya vyakula vya Mediterania, mafuta ya zeituni yalikuwa yakinunuliwa zaidi kwenye duka la dawa, kwa ajili ya masikio. Leo yapo kwenye kila duka la mtaani. Hata vikabichi vya Brussels vyenyewe si vile: katika miaka ya 1990 mtafiti wa Uholanzi, Hans van Doorn, alitambua kemikali hasa zinazovipa uchungu, na wazalishaji wa mbegu wakachagua aina zenye uchungu mdogo. Mtoto wa sasa anayevikataa Krismasi anakataa kitu kitamu kuliko alichokataa babu yake.

Badiliko ninalolipenda zaidi lilitoka kwetu. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda, zaidi ya 27,000 walifika Uingereza, na maelfu yao walikaa katika mji wa Leicester. Walikuja na jiko la Kigujarati lililopitia Afrika Mashariki, na baadhi yao bado wanaongea Kiswahili vizuri. Kwenye mikahawa ya barabara ya Belgrave utakuta chakula kinaitwa mogo. Ni muhogo wetu, umekaangwa na kutiwa pilipili, jina limepoteza silabi njiani. Na utakuta sambharo: kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba sana, zikarushwa kwenye mafuta ya moto yenye mbegu za haradali, manjano na pilipili ya kijani, dakika mbili au tatu, basi. Kabichi bado linalia ukilitafuna. Ni mji uleule wa Waingereza, na huenda ni kabichi la shamba lilelile.

Sisi nasi tuna la kurekebisha. Wengi wetu tunakata sukuma wiki kwanza ndipo tunaiosha, na maji ya kuoshea yanaondoka na kile tulichowalaumu Waingereza kukimwaga. Ioshwe majani yakiwa mazima, ndipo ikatwe.

Kabichi langu la siku hizi nalikata nyembamba kama kachumbari. Natia maji ya kimo cha kucha ya kidole gumba kwenye sufuria, chumvi, yakichemka natia kabichi na kufunika. Dakika nne. Maji yanayobaki ni vijiko viwili vitatu. Simwagi, naongeza siagi na pilipili manga, nageuzageuza mpaka yashikane na majani. Siku nyingine badala ya siagi natia tui.

Kabla sijaacha kazi kule kwenye nyumba ya wazee nilimwomba yule mama niwapikie kabichi hivyo siku moja. Alikubali. Akaonja kwa uma, akatafuna polepole, akaitikia kwa kichwa kwamba ni zuri, halafu akaniambia wazee wake watatu wa meza ya dirishani hawataweza kulitafuna. Alikuwa sahihi, na mimi sikuwa nimewafikiria. Akairudisha sufuria jikoni, akapunguza moto, akaliacha dakika kumi nyingine kwenye vijiko vile vichache vya maji na siagi. Kidogo alichokuwa amekitenga kabla ya hapo tukakila sisi wawili, tumesimama kando ya jiko, kila mtu na uma wake.